Mama Masikio na Helmeti Iliyokataa Kufaulu

Katika kambi ya jeshi kila mtu ana mtu anayemwogopa. Kuruta anamwogopa koplo, koplo anamwogopa sajenti meja, sajenti meja anamwogopa mkewe. Watu wa helikopta, ambao hawaogopi hata radi, walimwogopa mama mmoja wa makamo aliyevaa koti jeupe lenye doa la wino mfukoni. Walimwita Mama Masikio, na silaha yake ilikuwa kitufe.

Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido ya zahanati, kati ya stoo ya magongo na choo cha maofisa. Ndani yake kulikuwa na kibanda kilichovishwa sponji nene kila upande, chenye mlango mzito kama wa jokofu la buchani. Askari aliingizwa mle, akavishwa spika za masikioni, akakalishwa kwenye stuli akitazamana na dirisha la kioo. Upande wa pili wa kioo alikaa Mama Masikio na mashine yake. Akibonyeza kitufe, mlio mwembamba unamwingia askari masikioni. Askari akiusikia, anainua mkono. Mlio unapunguzwa, mkono unainuka. Unapunguzwa tena, mkono unasitasita. Mwishowe hauinuki. Hapo ndipo masikio ya mtu yanapoishia, na kwa mtu wa helikopta, yakiishia mapema mno, basi na mabawa ya beji yake ya kifuani yanaishia hapo hapo. Anapelekwa stoo kukunja mablanketi.

Sasa, wapishi wa kambi walikuwa viziwi kiasi cha haja, kwa ajili ya masufuria. Wapiga ngoma wa bendi walikuwa viziwi wa kawaida. Lakini watu wa helikopta, walioshinda kutwa chini ya mashine inayonguruma kama kinu cha kusaga kilichokasirishwa, walikuwa na masikio ya popo. Mwaka nenda mwaka rudi walifaulu wote. Daktari mkuu wa kambi alikwenda mpaka kwenye mkutano wa wataalamu akasoma mada kuhusu maajabu hayo, akayaita "ustahimilivu wa kipekee". Wataalamu wakampigia makofi, wakampa mkoba.

Mtu pekee aliyekuwa na wasiwasi alikuwa Mama Masikio, na wasiwasi huo alikuwa akiulisha nyumbani kwake. Mumewe, Baba Mapacha, alikuwa fundi wa angani: yule anayekaa nyuma ya rubani, karibu na mlango ulio wazi, chini kabisa ya gia kubwa inayozungusha mapanga, kazi yake kuiangalia mashine isije ikabadili mawazo hewani. Baba Mapacha alifaulu kila kipimo mpaka alipostaafu. Siku alipokabidhi magwanda ilionekana kana kwamba stoo ilichukua na masikio, maana haukupita muda akawa hasikii hata akiitwa na mtu aliyekaa naye kochi moja. Daktari akasema ni uziwi wa ghafla. Mama Masikio angebisha nini, na vipimo vyote alivipima yeye mwenyewe?

Na kiti kile kile sasa alikikalia mdogo wake Baba Mapacha. Kikosi kilimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kupunguzia sauti. Siku hizi alikuwa ameanza kuwasogelea sana watu wanaoongea, kucheka wenzake wakiwa wamekwishamaliza kucheka, na kujibu "ndiyo" kwa swali la "kwa nini". Mama Masikio aliifahamu njia hiyo. Alikwishaipita na mumewe, kituo kwa kituo. Lakini Redio akiingia kibandani, alisikia kila kitu kama mtoto mchanga.

Kwa hiyo Mhandisi alipoletwa kambini na sanduku la helmeti mpya, Mama Masikio alimpokea kama mkwe aliyekuja na mahari kamili. Mhandisi alikuwa kijana mrefu, mwenye digrii mbili na shati moja. Alimweleza jinsi helmeti inavyofanya kazi. Ndani ya kila kikombe cha sikio kuna maikrofoni ndogo kama punje. Inasikiliza mngurumo wa injini, halafu spika iliyo humo humo inatoa mngurumo mwingine uliogeuzwa kinyume.

"Yakikutana, yanauana," alisema Mhandisi. "Panabaki kimya."

"Yaani kelele juu ya kelele, halafu kimya," alisema Mama Masikio. "Kijana wangu, umeoa?"

"Bado, mama."

"Nilijua."

Hata hivyo alimwamini. Wakafanya kazi pamoja msimu mzima. Yeye ndiye aliyepima vichwa vya kikosi, maana pedi za masikio zisipobana vizuri kelele huingia pembeni kama mbu kwenye chandarua kilichotoboka, na vichwa vya kikosi havikufanana na picha yoyote kwenye kitabu cha maelekezo. Kulikuwa na kichwa cha papai, kichwa cha pasi, na kichwa cha rubani mmoja kilichokuwa na bonde ambalo mwenyewe alidai ni la vita na mama yake alidai ni la ngazi. Mama Masikio alikata sponji, akashona, akavisha, akavua, akashona tena.

Jaribio la kwanza nje lilikwenda vizuri mno. Helikopta ilikuwa bado chini, mapanga yanazunguka, na rubani mwenye bonde akaambiwa awashe swichi ya helmeti. Akawasha. Mngurumo ukafa masikioni mwake. Sasa huyu alikuwa rubani aliyefunzwa, na rubani aliyefunzwa akisikia injini imenyamaza hana muda wa kukumbuka kwamba amevaa helmeti ya majaribio. Akakata mafuta, akavuta breki ya mapanga, akaamuru wote watoke. Wakakimbia, wakalala kifudifudi kwenye tope. Helikopta nyuma yao ilizimika kwa adabu, kama ilivyoombwa.

Mhandisi alirukaruka kwa furaha. Kanali, mkuu wa kambi, hakuruka.

"Inafanya kazi, afande," alisema Mhandisi.

"Imemlaza rubani wangu kwenye tope," alisema Kanali. "Mimi nataka takwimu. Kamati ya makao makuu inakuja Ijumaa. Takwimu zikiwa nzuri, kikosi kinavaa. Zikiwa mbaya, sanduku lako linaingia stoo na wewe unarudi ulikotoka, na tusisumbuane."

Takwimu ziko kibandani. Mhandisi akaingiza humo maspika makubwa yaliyopiga mngurumo wa helikopta uliorekodiwa. Kipimo kilikuwa rahisi. Mtu anavaa helmeti, mngurumo unawashwa, na Mama Masikio anampelekea ile milio yake myembamba ndani ya helmeti. Swichi ikiwa imezimwa, mngurumo unaimeza milio, mtu hasikii mpaka iongezwe sana. Swichi ikiwashwa, mngurumo unafifia, mtu anasikia hata mlio mdogo. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo faida ya helmeti, na ndiyo ambayo kamati ingetaka kuiona.

Tofauti haikuwapo.

Rubani mwenye bonde aliingia: swichi imezimwa, akasikia kila mlio; imewashwa, akasikia kila mlio. Kichwa cha papai, vile vile. Kichwa cha pasi alisikia vizuri zaidi swichi ikiwa imezimwa. Mhandisi alibadili waya, akabadili maikrofoni, akabadili shati, yaani alilifua. Akavisha helmeti kichwa cha plastiki alichokuja nacho, chenye maikrofoni masikioni, ambacho walikiita Balozi kwa sababu kilisikiliza yote na hakikusema lolote. Kwa Balozi helmeti ilifanya maajabu. Akakimbia na matokeo kwa Kanali.

"Balozi harushi helikopta," alisema Kanali. "Niletee ya watu."

Aliyebaki alikuwa Redio. Mama Masikio alimvalisha helmeti mwenyewe, akamkaza kamba ya kidevu.

"Shemeji, nisikilize," alimwambia sikioni, polepole. "Leo sikupimi wewe. Naipima helmeti. Usiposikia, acha mkono chini. Kutosikia si kosa leo. Nimeeleweka?"

"Nimekupata, shemeji," alisema Redio, na akamkonyeza.

Mama Masikio hakuupenda ule ukonyezo. Aliufunga mlango, akakaa mahali pake, akabonyeza. Mngurumo wa maspika ulikuwa unatikisa kioo. Mlio alioupeleka ulikuwa mdogo kiasi kwamba yeye mwenyewe, siku ya utulivu, angeusikia kwa shida. Mkono wa Redio ukapanda. Akapunguza. Ukapanda. Swichi imezimwa, imewashwa, mkono ulikuwa unapanda tu kama wa mwanafunzi anayetaka ruhusa ya kwenda haja.

"Namba gani?" aliuliza Mhandisi, macho ameyafumba.

"Sawa na wengine."

"Basi imekufa," alisema Mhandisi. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, miguu mirefu ikaziba korido mpaka ofisa mmoja aliyekuwa anakwenda chooni ikabidi aivuke.

Jumatano mchana Mama Masikio alirudi nyumbani kula, hamu hana. Baba Mapacha alikuwa sebuleni anatazama taarifa ya habari, televisheni imezimwa sauti. Alikwishagundua kwamba habari bila sauti hazipandishi presha, na kiongozi akidanganya unamwona shingoni.

"Umekunja uso," alisema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Wamekukera?"

Akakaa mbele yake ili amsome midomo, akamweleza. Ijumaa kamati inakuja. Helmeti haifaulu. Isipofaulu, mdogo wake ataendelea kukaa chini ya ile gia na kofia ile ile ya zamani, na mwisho wake yeye Baba Mapacha anaujua. Akaokota rimoti ya televisheni ili amwonyeshe.

"Mimi niko hapa. Wao wako pale. Mngurumo huo mkubwa. Nabonyeza hivi."

Baba Mapacha akainua mkono.

"Ngoja, usinikatishe. Nabonyeza tena, kidogo zaidi."

Akainua mkono.

"Unataka kusema nini?"

"Mimi? Sisemi kitu. Endelea."

Mama Masikio alimtazama. Akaificha rimoti mgongoni, akabonyeza bila kusema neno. Mkono wa mumewe ukapanda. Akatulia, akabonyeza tena. Ukapanda. Akatikisa bega kama anayebonyeza, asibonyeze. Mkono ukabaki gotini, umestarehe.

"Baba Mapacha," alisema, "umesikia nini?"

"Sijasikia kitu tangu mapacha wamalize shule, wewe unajua."

"Sasa mkono unauinua wa nini?"

Yule mzee, ambaye aliwahi kuning'inia nje ya helikopta kwa kamba moja akirekebisha mlango, aliona haya. Alitazama televisheni. Kiongozi alikuwa bado anadanganya.

"Nyusi," alisema.

"Nyusi gani?"

"Zako. Ukibonyeza zinapanda. Kidogo tu, kama mtu aliyeona mgeni mlangoni. Nilidhani siku moja utajua mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu nikufahamu. Kikosi kizima kinajua. Mgeni akija, kabla hajaonyeshwa choo anaambiwa: kule kibandani usisikilize, utapoteza kazi. Tazama nyusi."

Mama Masikio aliweka rimoti mezani taratibu. Miaka yote hiyo alikuwa amepima paji lake la uso. Halafu wazo lingine likaja nyuma ya hilo, likabisha hodi, likaingia bila kukaribishwa.

"Siku ile ya kwanza," alisema. "Ulinikodolea macho kipimo kizima bila kupepesa. Nikarudi nyumbani nikamwambia dada, nimepata mtu."

"Kilikuwa kipimo," alisema Baba Mapacha, kwa unyonge wote ambao sauti ile kubwa iliweza kuubeba.

"Kumbe."

"Lakini juma lililofuata nilikuja tena, nikasema sikio linauma."

"Ulikuja."

"Juma lililofuata nilikuwa nimekwishafaulu, mama. Na sikio halikuwa linauma."

Mama Masikio aliamua kumsamehe nusu. Nusu nyingine aliiweka akiba kwa siku yenye nafasi.

"Ungeniambia," alisema, "nisingekuacha urudi kule juu."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Kitu kilikuwa kinampanda kutoka tumboni, na kilipofika kooni aligundua ni kicheko. Helmeti haikuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa alikuwa mpimaji. Alicheka mpaka Baba Mapacha, ambaye hakusikia lakini aliona, naye akaanza, na jirani akafungua dirisha kuangalia kama pana msiba.

Alhamisi asubuhi alimkuta Mhandisi ameifumua helmeti yote mezani, hata skrubu amezipanga kwa ukubwa, kama mtu anayeaga mwili.

"Ni nyusi," alimwambia.

"Nyusi za nani?"

"Zangu. Wanazisoma. Hakuna anayesikiliza."

Mhandisi alimtazama nyusi kwa muda, kwa heshima. "Siyo waya?"

"Siyo waya."

"Wala maikrofoni?"

"Kijana, unataka niapie?"

Mhandisi alilaza kichwa juu ya meza, shavu kwenye skrubu, akashusha pumzi ndefu kama tairi la lori. Alipoinuka alikuwa na skrubu moja imenata shavuni na furaha tele. Lakini msomi ni msomi, hawezi kutatua jambo kwa njia fupi. Alishauri kwanza wazibane nyusi. Wakambandika Mama Masikio plasta mbili pana za zahanati, moja juu ya kila jicho, wakamwita Redio.

"Shemeji, plasta za nini?" aliuliza Redio. "Kaka kakushinda?"

"Kaa hapo."

Mngurumo ukawashwa. Redio alionekana kuhangaika mwanzoni, shingo mbele kama mtu anayesoma bango la mbali. Kisha akatulia. Mkono ukapanda. Ukapanda tena. Mhandisi, aliyekuwa amesimama pembeni akimkagua Mama Masikio badala ya mashine, akasema, "Bega. Ukibonyeza, bega la kushoto linashuka." Zilipofungwa nyusi, bega lilikuwa limeshika zamu.

Basi Mama Masikio akaenda stoo, akachukua blanketi la kijivu la wodini, akalitundika juu ya kioo kwa misumari.

Redio alitoka kibandani kabla hajaambiwa atoke. Alitazama lile blanketi kama mtu anayetazama hati ya mahakama.

"Shemeji, tuongee kifamilia."

"Hapa ni kazini."

"Basi tuongee kazini, lakini kama familia. Hilo blanketi likikaa hapo, mimi nimekwisha. Wote tumekwisha, lakini mimi zaidi. Leo mnapima helmeti, kesho Daktari atasema, eeh, hata kipimo cha mwaka kipimwe hivyo hivyo. Nitabaki chini. Mimi chini najua kufanya nini? Hata baiskeli inanishinda."

"Utajifunza."

"Afadhali niwe kiziwi juu kuliko kuwa na masikio mazuri stoo."

Mhandisi alijifanya anatafuta bisibisi. Mama Masikio alivuta kiti, akakaa karibu na shemeji yake, akang'oa plasta moja usoni, ikatoka na nywele kadhaa za nyusi.

"Mtoto wako anaongea?" aliuliza.

"Ndiyo kwanza anaanza. Anasema 'ba'."

"Umemsikia?"

Redio aliinama akafunga kamba ya kiatu.

"Nimekuuliza, umemsikia?"

"Mama yake kaniambia," alisema Redio. Kwa mara ya kwanza alisema kitu ambacho hakikusikika chumba cha pili.

Kisha Redio akaichukua helmeti mwenyewe, akaivaa, akarudi kibandani, akakaa nyuma ya lile blanketi, mkononi kitufe walichompa abonyeze akisikia, badala ya kuinua mkono. Swichi ilipokuwa imezimwa, taa ya mashine haikuwaka kabisa; Mama Masikio aliongeza mlio, akaongeza, akaongeza, mpaka akadhani mtu kalala mle ndani. Swichi ilipowashwa, akapeleka mlio mdogo wa kujaribu tu, bila matumaini. Kwenye mashine taa ikawaka. Akapunguza. Ikawaka. Mhandisi alikuwa ameshika kona ya meza kwa nguvu kana kwamba jengo linaondoka.

"Tofauti?" alinong'ona.

"Tele," alisema Mama Masikio.

Ijumaa kamati ilifika: wajumbe wawili wa makao makuu wenye suti na mikoba, na Kanali mbele yao. Kikosi chote kilisimama koridoni kimya, kama watu wanaosubiri kuchanjwa. Wakapita mmoja mmoja nyuma ya blanketi. Papai: swichi imezimwa, kiziwi, imewashwa, anasikia. Pasi, hivyo hivyo. Rubani mwenye bonde alipowasha swichi alishtuka, akapapasa kutafuta mahali pa kukata mafuta, akakumbuka yuko kwenye stuli. Wajumbe wa kamati walitingisha vichwa kwa kuridhika na wakaomba chai.

Kanali alibaki nyuma. Aligusa ule ukingo wa blanketi kwa vidole viwili.

"Hili limewekwa lini?"

"Jana, afande," alisema Mama Masikio. Alijua vizuri kwamba blanketi moja lilikuwa limefuta vipimo vya miaka na miaka, pamoja na mada ya Daktari mkuu, mkoba na yote. "Kosa ni langu. Nina tabia ya—"

"Najua tabia yako," alisema Kanali. Kabla ya kuota kitambi na nyota alikuwa rubani. Alitazama koridoni kama kuna mtu, akashusha sauti. "Mimi nilisoma kidevu chako. Nyusi tuliwaachia wanafunzi."

Mhandisi, aliyekuwa anakunywa maji, yakampitia puani.

"Hakuna atakayeadhibiwa," aliendelea Kanali, sasa kwa sauti ya kambi. "Nikianza kuadhibu sijui nitaishia kwa nani, na nahofia najua. Watu wote wa helikopta wapimwe upya, blanketi likiwa hapo. Aliye ndani ya kiwango anaruka na helmeti mpya. Aliye nje ya kiwango anashuka, tumpe kazi ya maana. Na Daktari asiende tena kwenye mikutano."

Helmeti ilikuwa imefaulu. Lakini Mama Masikio hakushangilia. Jumatatu ilikuwa zamu ya shemeji yake.

Daktari mkuu, mwenye hasira ya mtu aliyepokonywa ustahimilivu wa kipekee, alitaka kusimamia mwenyewe. Redio aliingia kibandani bila utani wowote. Mama Masikio alibonyeza upande wake wa blanketi, nyusi zikipanda bure, hakuna wa kuzisoma. Sikio la kushoto lilijibu vizuri kwenye milio mizito, vizuri kwenye ya katikati, likapotea kwenye ile myembamba ya juu kabisa: saa ya mkononi, vindege vidogo, birika linaloanza kuchemka. Ndani ya kiwango, kwa ukingo wa kucha. Akahamia kulia.

Sikio la kulia halikujibu. Akaongeza. Kimya. Akaongeza mpaka akaona aibu. Kimya. Daktari akaandika kitu, kalamu yake ikikwaruza kwa nguvu. Mama Masikio aliiona stoo, akayaona mablanketi, akamwona shemeji yake anayakunja na kuyapanga, anacheka wenzake wakiwa wamekwishamaliza. Na akamwona mke wa Redio atakavyomtazama yeye, aliyelipigilia blanketi misumari.

"Atoke nimkague," alisema Daktari.

Redio akatoka, akainamisha kichwa. Daktari akawasha kurunzi yake ndogo, akachungulia. Akachungulia tena. Akasema "mh". Akachukua kibanio kirefu, akakiingiza taratibu, akavuta, na kikatoka na kitu cheusi kirefu kama mzizi wa muhogo mchanga.

"Hii nini?" aliuliza.

Redio alikiangalia kwa mshangao. "Pamba," alisema. "Nilikuwa naweka chini ya kofia ya zamani, kuzuia kelele. Nilidhani niliitoa."

"Uliitoa lini?"

"Ndiyo hivyo, nilidhani."

Daktari alitafuta neno la kitaalamu, akalikosa. Akamrudisha kibandani. Mama Masikio aliketi, akafuta viganja kwenye koti, akabonyeza. Taa ikawaka. Akapunguza, ikawaka. Akaendelea kushuka, kidogo kidogo, kama mtu anayeteremka ngazi gizani na kila akinyoosha mguu anakuta kidato kipo. Myembamba ya juu ilikuwa imekwenda, hiyo hairudi. Mingine ilikuwapo.

"Ndani ya kiwango," alisema Daktari, kwa shingo upande. "Helmeti mpya kila safari, bila kukosa. Na kila miezi sita nimwone. Na pamba marufuku."

Redio alifungua mlango mzito, akasimama pale, hajui. Hakuwa amesikia, si kwa sababu ya masikio, mlango ulikuwa umefungwa. Mama Masikio alimwonyesha dole gumba. Redio alikaa kwenye kizingiti, akaufunika uso kwa viganja.

"Shemeji," alisema baadaye, "nilikuwa nimekuchukia tangu Alhamisi."

"Najua. Ulinipita getini bila salamu."

"Sasa nifanyeje?"

"Nisalimie."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nenda kazini, wenzako wanakusubiri."

Alasiri helikopta iliondoka na watu wake wote, kila mmoja na helmeti iliyokatiwa kwa kichwa chake, papai na pasi na bonde. Mhandisi alikaa mnarani na kipokea sauti, akawasikia wakiongea wao kwa wao kule juu bila kupiga kelele, wakibishana kuhusu mpira. Mama Masikio hakungoja kuona. Aliomba ruhusa mapema, akatembea mpaka nyumbani kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa chochote na dunia. Baba Mapacha alimwona mlangoni, akasoma uso wake, hakuuliza. Alimpisha kochini. Mama Masikio alijilaza, koti jeupe mwilini, viatu miguuni, akalala hapo hapo, mdomo wazi, akikoroma kwa nguvu, na mumewe akaendelea kutazama habari kwa amani.